Jina la Mdudu na Ngeli Yake: Utambuzi na Uainishaji wa Jenasi ya Monochamus

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hutumia sehemu kubwa ya masomo yake akiainisha. Katika sarufi huainisha nomino kwa ngeli, katika fonolojia huainisha sauti kwa mahali na namna ya kutamkwa, na katika fasihi huainisha matini kwa tanzu na vipera. Licha ya hayo, ni nadra kwetu kutazama jinsi taaluma nyingine zinavyoitekeleza kazi iyo hiyo. Ni nadra zaidi kujiuliza iwapo Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hiyo katika taaluma hizo bila kuazima maelezo yote kutoka kwingineko. Makala haya yanakusudia kushughulikia mambo hayo mawili kwa kuchunguza kundi moja la wadudu, yaani jenasi ya Monochamus, iliyomo katika familia ya mbawakawa wenye vipapasio virefu iitwayo Cerambycidae.

Uteuzi wa jenasi hii una sababu tatu. Kwanza, mmoja wa wadudu waliowekwa humo ni mtoboa-shina mweupe wa kahawa, ambaye hushambulia mibuni ya Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika. Kwa hivyo, suala hili si geni katika mazingira yetu. Pili, nafasi ya mdudu huyo katika jenasi hii ina utata, na utata wenyewe unafanana sana na mjadala tunaoujua vyema mintarafu ya ngeli za Kiswahili. Tatu, katika kundi hili kosa la kutambua haliishii kwenye karatasi. Kosa hilo huweza kusababisha miti kukatwa isivyostahili, au kuachwa mti uliopaswa kukatwa mapema.

2.0 Jenasi na Utanzu

Neno la Kilatini genus lina maana ya ukoo, nasaba au aina. Neno hilo ndilo lililozaa neno la Kifaransa genre, ambalo wahakiki wetu wamelipa jina la utanzu. Jenasi na utanzu, basi, ni watoto wa mama mmoja. Anayeuliza utenzi ni kipera cha utanzu gani, na anayeuliza mdudu fulani ni spishi ya jenasi gani, wanauliza swali la aina moja: kiumbe hiki kina undugu na nani, na tumejuaje?

Mfumo wa kisasa wa kutaja wanyama huanzia kwenye toleo la kumi la kitabu Systema Naturae cha Carl Linnaeus wa Uswidi, lililochapishwa mwaka wa 1758. Katika mfumo huo kila spishi hupewa majina mawili. La kwanza ni la jenasi na la pili ni la spishi yenyewe. Mbawakawa wengi wenye vipapasio virefu waliojulikana wakati huo Linnaeus aliwaweka katika jenasi ya Cerambyx. Kadiri makusanyo ya wadudu yalivyozidi kukua, jenasi hiyo ilijaa pomoni, ikawa kama kapu linalotiwa kila kitu. Mwaka wa 1802 Mfaransa Pierre André Latreille aliwapa mbawakawa hawa familia yao. Leo familia hiyo inahesabiwa kuwa na spishi zaidi ya 30,000.

Jenasi ya Monochamus yenyewe ilipata jina mwaka wa 1821 kutoka kwa Mfaransa mwingine, Pierre François Marie Auguste Dejean. Huyu hakuwa mwalimu wa chuo bali alikuwa jemadari wa jeshi, na alimtumikia Napoleon katika vita vya Waterloo mwaka wa 1815. Orodha ya mkusanyiko wake wa mbawakawa iliyotolewa mwaka wa 1837 ilikuwa na spishi zaidi ya 22,000. Katika vitabu vya zamani msomaji hukutana pia na tahajia ya Monohammus. Tofauti hiyo ya tahajia ni ya waandishi tu, na mdudu anayetajwa ni yule yule.

Ikumbukwe kwamba jina la jenasi haliachwi likielea hewani. Kila jenasi hufungwa kwenye spishi moja inayoitwa spishi kielelezo. Kwa Monochamus, kielelezo hicho ni Monochamus sutor, ambaye Linnaeus alimwita Cerambyx sutor mwaka wa 1758. Maana yake ni kwamba jenasi ikigawanywa kesho, jina la Monochamus litabaki na sutor pamoja na ndugu zake wa karibu. Wengine watakaotolewa watatafutiwa jina jingine. Kanuni hii tutairejelea tutakapofika kwa mdudu wa kahawa.

3.0 Sifa za Kutambulisha

Utambuzi wa mdudu huteremka ngazi kwa ngazi, kutoka kundi pana hadi kundi finyu. Hatutaweza kueleza kila sifa hapa, ila tutazitaja zile zinazotegemewa zaidi.

Ngazi ya kwanza ni familia. Mbawakawa wa Cerambycidae hujulikana kwa vipapasio virefu ambavyo kwa kawaida huwa na pingili 11. Hata hivyo, urefu pekee hautoshi, kwa kuwa wapo wanafamilia wenye vipapasio vifupi na wapo mbawakawa wa familia nyingine wenye vipapasio virefu. Ndiyo maana mtaalamu huangalia jicho pia. Katika wengi wa familia hii jicho lina umbo la figo, kwa sababu limebonyea kukizunguka kitako cha kipapasio. Aidha, nyayo za miguu zinaonekana kuwa na pingili nne, ilhali kwa hakika ni tano. Pingili ya nne ni ndogo mno, nayo imejificha katikati ya ndewe mbili za pingili ya tatu. Anayehesabu kwa haraka atakosea.

Ngazi ya pili ni nusufamilia. Monochamus ni wa nusufamilia ya Lamiinae, iliyo kubwa kuliko nyingine zote katika familia hii. Uso wa wadudu hawa umesimama wima, mataya yakielekea chini. Katika nusufamilia nyingine nyingi uso hulala kuelekea mbele. Pingili ya mwisho ya vile vipapasio vidogo vya mdomoni imechongoka kama ncha ya kalamu, na upande wa ndani wa muundi wa mguu wa mbele kuna mfereji ulioenda mshazari.

Ngazi ya tatu ni jenasi yenyewe. Pingili ya kwanza ya kipapasio cha Monochamus ni nene, na karibu na ncha yake kuna kovu dogo lililozungukwa na ukingo. Kidari kina mwiba mmoja kila upande. Mabawa ya juu, ambayo ni magumu na hufunika yale ya kurukia, yana chembechembe za kukwaruza hasa karibu na mabega. Juu yake pana mabaka ya vinyweleo laini vyenye rangi ya kijivu, nyeupe au ya kahawia. Dume hutofautiana na jike waziwazi: vipapasio vya dume huweza kufikia mara mbili ya urefu wa mwili au zaidi, na miguu yake ya mbele imerefuka. Vipapasio vya jike huuzidi mwili kidogo tu, na mara nyingi pingili zake zina pete za rangi iliyofifia.

Hapa pana funzo la kimbinu. Hakuna sifa hata moja kati ya hizi inayotosha kuitambulisha jenasi peke yake. Kovu la kipapasio linapatikana katika jenasi jirani, miiba ya kidari ni ya kawaida katika Lamiinae, na rangi huwadanganya wengi. Jenasi hutambuliwa kwa mkusanyiko wa sifa. Ndivyo ilivyo hata katika fasihi: hatuliiti shairi utenzi kwa kuwa lina mizani nane pekee, bali kwa kuzingatia mizani, vina, idadi ya mishororo katika ubeti, urefu na maudhui kwa pamoja.

4.0 Ufunguo wa Utambuzi

Wataalamu wa wadudu hutumia chombo kiitwacho ufunguo. Ufunguo ni mfululizo wa jozi za kauli zinazokinzana. Msomaji akiwa na mdudu mkononi huchagua kauli moja katika kila jozi, na chaguo hilo humpeleka kwenye jozi inayofuata hadi afike kwenye jina. Ili kuonyesha kwamba chombo hiki kinaweza kutungwa kwa Kiswahili, tumeandaa ufunguo mfupi ufuatao. Umekusudiwa kwa mbawakawa ambaye tayari amebainika kuwa wa Cerambycidae, na haukusudiwi kuchukua nafasi ya funguo kamili za wataalamu.

Jozi ya 1.
(a) Uso umelala kuelekea mbele. Pingili ya mwisho ya kipapasio cha mdomoni ni butu. Huyu si wa Lamiinae. Utambuzi uishie hapa.
(b) Uso umesimama wima. Pingili hiyo imechongoka. Nenda jozi ya 2.

Jozi ya 2.
(a) Pingili ya kwanza ya kipapasio haina kovu lenye ukingo karibu na ncha. Ni wa jenasi nyingine ya Lamiinae.
(b) Kovu lipo, na kidari kina mwiba kila upande. Nenda jozi ya 3.

Jozi ya 3.
(a) Mabawa ya juu ni meusi ya kung'aa, laini mabegani, yenye madoa meupe yaliyo bayana. Ile ngao ndogo yenye umbo la pembetatu iliyo kati ya mabega ni nyeusi. Mshukie Anoplophora glabripennis.
(b) Mabawa yana chembechembe za kukwaruza mabegani. Nenda jozi ya 4.

Jozi ya 4.
(a) Mdudu ni mweusi au wa kahawia mwenye mabaka. Amepatikana kwenye misonobari au miti ya jamii yake. Yamkini ni Monochamus kwa maana finyu.
(b) Sehemu kubwa ya mabawa ni nyeupe, huku mwanzo na mwisho wake vikiwa vya kahawia iliyokolea. Amepatikana kwenye mbuni. Yamkini ni mtoboa-shina mweupe wa kahawa.

Msomaji ataona kwamba katika jozi ya nne tumeongeza ushahidi wa mti alikopatikana mdudu. Ushahidi wa aina hiyo husaidia, lakini ni wa kutumiwa kwa tahadhari. Mdudu anaweza kutua popote, na mtu aonekanaye msikitini au kanisani si lazima awe imamu au kasisi.

5.0 Spishi Ndani ya Jenasi

Spishi za Monochamus zinazoishi kwenye misonobari na miti ya jamii yake zinapatikana Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, nazo ni takriban 20. Jike hutafuna mpasuko kwenye gome la mti uliodhoofika au uliokatwa karibuni, kisha hutaga yai humo. Buu hula chini ya gome, halafu huingia ndani ya mbao. Mlio wa kutafuna kwake huweza kusikika, na ndiyo sababu wazungumzaji wa Kiingereza humwita mpasua mbao. Baadaye hugeuka kuwa pupa karibu na uso wa mti, na mdudu mpevu hutoka kwa kutoboa tundu la mviringo.

Majina ya spishi hizi yana ladha ambayo mwanafunzi wa fasihi hawezi kuipuuza. Sutor ni neno la Kilatini lenye maana ya mshona viatu. Mwaka wa 1787 Johan Christian Fabricius, aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, alimpa ndugu yake jina la sartor, yaani mshona nguo. Mwaka wa 1758 Linnaeus alikuwa amekwisha kuwaita mbawakawa wengine wa familia hii textor, mfumaji, na coriarius, mtengeneza ngozi. Hivyo familia nzima inasomeka kama mtaa wa mafundi. Majina mengine ni ya kuelezea umbo au mahali: scutellatus ni mwenye ngao ndogo, kwa sababu ya ile pembetatu nyeupe iliyo kati ya mabega yake, na galloprovincialis ni wa Provence nchini Ufaransa.

Fundi viatu na fundi nguo hutofautishwaje? Mtaalamu huiangalia ngao ndogo. Katika sartor, ngao hiyo imefunikwa kote na vinyweleo vya manjano. Katika sutor, vinyweleo hivyo vimegawanywa na mstari wa katikati usio na vinyweleo. Tofauti ni ndogo, lakini ni ya kudumu, na udumifu ndio unaoipa thamani.

Kwingineko mipaka haiko wazi hivyo. Kwa muda mrefu mbawakawa wa misitu ya Urusi na Siberia aitwaye urussovii alihesabiwa kuwa spishi kamili, tofauti na sartor wa milima ya Ulaya ya Kati. Mwaka wa 2013 wataalamu wa Skandinavia waliwalinganisha upya na kupendekeza kwamba hawa ni nususpishi mbili za spishi moja. Anayejua mjadala wa lugha na lahaja hatashangaa. Kuna mahali ambapo tofauti zipo na kila mtu anaziona, ila swali ni kama zinatosha kuvunja undugu.

6.0 Mdudu wa Kahawa: Anthores au Monochamus?

Tuje sasa kwenye mdudu wa nyumbani. Mwaka wa 1869 Mwingereza Francis Polkinghorne Pascoe alimweleza mbawakawa wa Afrika mwenye mabawa meupe, akamwita Anthores leuconotus. Jina la pili limetokana na Kigiriki na lina maana ya mgongo mweupe. Jike wa mdudu huyu hutaga mayai chini ya gome, sehemu ya chini ya shina la mbuni. Buu asiye na miguu hula gome kwa kulizunguka shina, kisha huingia ndani ya mbao na huweza kuteremka hadi mizizini. Majani hugeuka manjano, unga wa mbao huonekana umemwagika chini, na mbuni mchanga ambao shina lake limezungukwa hufa. Mzunguko wa maisha yake huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Kwa hivyo mkulima aonapo dalili, adui huwa alikwisha kuingia nyumbani zamani.

Katika karne ya 20 uainishaji wa Lamiinae ulitawaliwa na Stephan von Breuning (1894–1983), mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Paris na kueleza maelfu ya spishi mpya. Katika mfumo ulioenea kipindi hicho, Anthores ilishushwa hadhi ikawa jenasi ndogo chini ya Monochamus. Mdudu wetu akawa Monochamus leuconotus (Pascoe, 1869). Mabano hayo yana maana. Kwa mujibu wa kanuni za utaji wa wanyama, jina la mwandishi huwekwa kwenye mabano pale spishi ilipohamishwa kutoka jenasi ambamo iliwekwa kwanza. Mabano ni kama muhuri wa pasipoti: yanatueleza kwamba mwenye jina alivuka mpaka.

Machapisho ya kilimo ya kanda yetu yameyatumia majina yote mawili, na mwanafunzi anayetafuta habari kwa jina moja huweza kuzikosa zile zilizoandikwa kwa jina la pili. Isitoshe, wataalamu wamekuwa wakihoji iwapo spishi za Afrika, ambazo nyingi huishi kwenye miti ya majani mapana, zina undugu wa karibu na zile za misonobari ya kaskazini. Ikiwa undugu huo haupo, kanuni ya spishi kielelezo itatumika. Sutor atabaki na jina la Monochamus, na mdudu wa kahawa anaweza kurudi kwa jina la Pascoe.

Suala hili linaweza kufafanuliwa kwa mfano wa kifaru. Mfumo wa kuainisha ngeli kwa viambishi, uliopata umaarufu kupitia kazi za Carl Meinhof, huangalia umbo la nomino. Kwa umbo lake, kifaru hufuatana na kiti na kisu: umoja ki-, wingi vi-. Mfumo wa upatanisho wa kisarufi huangalia mwenendo wa nomino katika sentensi. Kwa mwenendo wake, kifaru hufuatana na mtu na mbuzi: kifaru huyu anakula, vifaru hawa wanakula. Kifaru hajabadilika. Kilichobadilika ni kigezo.

Je, ina maana kwamba vigezo vyote ni sawa na kila mtu achague apendacho? La hasha. Kigezo hupimwa kwa kile kinachotuwezesha kutabiri. Kigezo cha kiambishi hututabiria wingi wa nomino. Kigezo cha upatanisho hututabiria sentensi nzima. Vivyo hivyo katika wadudu. Kigezo cha mwonekano hutusaidia kumtambua mdudu akiwa mkononi. Kigezo cha nasaba, ambacho siku hizi huchunguzwa pia kwa kulinganisha DNA, hututabiria mambo yasiyoonekana: mti atakaoula, maradhi atakayoyabeba, na namna buu wake atakavyoishi. Jenasi iliyojengwa juu ya mfanano wa nje tu hutoa ahadi isiyoweza kuitimiza.

7.0 Gharama ya Jina Lisilo Sahihi

Umuhimu wa utabiri huo ulidhihirika Japani. Misonobari ya nchi hiyo ilikuwa ikinyauka na kufa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi lawama ziliwaangukia wadudu waliokutwa ndani ya miti iliyokufa. Mwaka wa 1971 Kiyohara na Tokushige walithibitisha kwamba muuaji alikuwa nematodi, mnyoo mdogo asiyeonekana kwa urahisi kwa macho, ambaye leo huitwa Bursaphelenchus xylophilus na asili yake ni Amerika Kaskazini. Muda mfupi baadaye ilibainika kwamba mnyoo huyo hasafiri peke yake: hubebwa na Monochamus alternatus. Mdudu mpevu anapotafuna gome la matawi machanga ya mti wenye afya, minyoo hutoka mwilini mwake na kuingia kwenye jeraha. Mwaka wa 1979, hasara ilipofikia kilele, Japani ilipoteza takriban mita za ujazo milioni 2.4 za mbao. Ugonjwa huo uligunduliwa China mwaka wa 1982, Korea Kusini mwaka wa 1988 na Ureno mwaka wa 1999.

Nchini Ureno mbebaji alikuwa Monochamus galloprovincialis. Yeye ni mwenyeji wa Ulaya ambaye hakuwahi kukutana na mnyoo huyo hapo awali, lakini alimbeba sawia na ndugu yake wa Japani. Huu ndio utabiri wa nasaba: ujuapo tabia ya mmoja, una sababu ya kumshuku ndugu yake.

Hata hivyo, jina hilo hilo likitandazwa kupita kiasi huleta tatizo la upande wa pili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu afya ya mimea iliitaja jenasi nzima ya Monochamus isiyo ya Ulaya miongoni mwa wadudu wa karantini. Kwa mujibu wa jina, mdudu wa mibuni ya Afrika aliingia katika kifungu kimoja na wabebaji wa mnyoo wa misonobari, ilhali yeye hujulikana kwa kula mibuni. Hapo swali la Anthores au Monochamus linaacha kuwa la makabati ya makumbusho na kuwa la sheria na biashara.

Mfano mwingine unatoka Marekani. Mwaka wa 1996 Anoplophora glabripennis, aliyetoka Asia, aligunduliwa Brooklyn, jijini New York. Mdudu huyo hushambulia miti ya majani mapana iliyo na afya, na njia kuu ya kumzuia imekuwa kuikata na kuiharibu miti aliyoingia. Wananchi walipoombwa kutoa taarifa, mdudu waliyemchanganya naye mara nyingi alikuwa Monochamus scutellatus, mwenyeji wa huko anayependa misonobari iliyodhoofika. Wote ni weusi, wote wana vipapasio virefu, na wote huweza kuwa na madoa meupe. Tofauti ya kutegemewa ni ile ngao ndogo: kwa scutellatus ni nyeupe, kwa glabripennis ni nyeusi. Kiungo kisichozidi punje ya mtama ndicho kinachoamua iwapo mti utaangushwa.

8.0 Nafasi ya Kiswahili

Baada ya maelezo haya, hatuna budi kurudi kwa lugha yetu. Kiswahili kina majina mengi ya wadudu waharibifu: dumuzi, fukusi, mchwa, funza. Msamiati huo umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya madhara, kwani neno humtaja mdudu kwa kile anachokiharibu. Pale mdudu mgeni aingiapo, wananchi humbatiza kwa mtindo uo huo. Dumuzi mkubwa wa mahindi alipofika Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na kisha Kenya mwaka wa 1983, alipewa jina la Scania kule, na baadaye Osama huku. Ni majina yenye nguvu ya kisanaa, nayo yanatueleza jinsi watu walivyouona ukubwa wa janga. Hayatuelezi, hata hivyo, namna ya kumtambua mdudu mwenyewe.

Kasoro hiyo haitokani na udhaifu wa lugha. Msomaji arejelee sehemu ya tatu na ya nne za makala haya. Maneno pingili, kidari, muundi, ndewe, mwiba, kovu, mfereji, ngao, gome na buu hayakuundwa na kamati yoyote. Yalikuwepo, yakitumika kwa miwa, kuku, watu na vita. Maneno jenasi, spishi na familia yamekwisha kuzoeleka katika vitabu vyetu vya sayansi. Kilichokosekana ni maandishi yanayoyaleta maneno hayo pamoja na kuyapa maana moja isiyoyumba. Istilahi haikomai katika orodha, hukomaa katika matini. Neno kovu litakuwa istilahi siku waandishi watatu au wanne watakapolitumia kwa kiungo kile kile.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi nchini Kenya. Hadhi hiyo itabaki kuwa mapambo ikiwa mkulima wa kahawa ataelezwa kwa Kiswahili kwamba mibuni yake ina mdudu, lakini maelezo ya kumtambua mdudu huyo yakaachwa kwa lugha nyingine. Mkulima anayeweza kusoma kwamba atafute mbawakawa mwenye mabawa meupe yenye ncha za kahawia, na unga wa mbao chini ya shina, ana nafasi ya kuchukua hatua mapema. Anaweza kumwondoa mdudu mpevu kabla ya kutaga, kuwachokoa mabuu kwa waya, au kung'oa mbuni usioponyeka ili usiambukize jirani zake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha jinsi jenasi ya Monochamus inavyotambuliwa kwa mkusanyiko wa sifa, jinsi mipaka yake inavyojadiliwa, na jinsi jina lisilo sahihi linavyoweza kuwa na gharama msituni, shambani na bandarini. Tumeonyesha pia kwamba maswali ya mtaalamu wa wadudu hayako mbali na maswali ya mwanasarufi au mhakiki: tumeainisha kwa kigezo gani, na kigezo hicho kinatutabiria nini?

Kazi ya kuandika funguo kamili za wadudu kwa Kiswahili haiwezi kufanywa na wataalamu wa wadudu peke yao, kwa kuwa si wote waliozamia katika lugha. Haiwezi pia kufanywa na wanafunzi wa Kiswahili peke yao, kwa kuwa hatujui kuhesabu pingili iliyojificha. Katika vyuo vyetu idara hizi mbili mara nyingi hutenganishwa na ua mmoja tu. Tunapendekeza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianze na kazi ndogo inayowezekana: kukaa na wenzetu wa sayansi ya kilimo na kuandika, kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja wa kuwatambua wadudu watano wanaowasumbua wakulima wa eneo la chuo husika. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha kwanza hakijatiwa punje.